Fomu Niliyoichana

Swali la kwanza nililoliingiza katika daftari la maswali pale Rujewa lilihusu mlango wa choo. Mchoro ulionyesha kwamba mlango unafunguka kwa nje, na huko nje, hatua moja tu, palikuwa na ukuta wa tangi la maji. Fundi alitaka kujua mlango ufunguke upande gani. Nililipiga taipu swali hilo, nikalipa namba moja, nikaligonga mhuri wa tarehe, nikalituma Mbeya kwa basi. Siku ya nne jibu likarudi likiwa na sahihi mbili: ufunguke kwa ndani. Nikabandika jibu nyuma ya swali, nikapiga mstari mwekundu chini ya namba moja, na jioni ile nikatembea kwenda nyumbani kama mtu aliyejenga daraja.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Mradi wetu ulikuwa wa kuchimba mfereji mkuu na kujenga malango ya kugawia maji kwenye mashamba ya mpunga katika tambarare ya Usangu. Mimi nilikuwa msichana wa Kihehe kutoka kijiji kimoja juu ya Iringa mjini, nimetoka tu kumaliza kozi ya uhazili. Joto la Rujewa lilikuwa jambo geni kwangu. Ofisi ilikuwa ya mabati juu na pembeni. Ikifika saa sita mchana karatasi za kaboni zililainika na kuniachia weusi vidoleni. Chumba changu kilikuwa na meza, taipureta ambayo herufi moja ilipenda kukwama, na kabati la chuma lenye ufunguo mmoja. Ufunguo huo niliuvaa shingoni.

Kazi yenyewe ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni michoro. Ilichorwa Mbeya, katika ofisi ya washauri, ikatufikia kwa basi chini ya kiti cha dereva, imeviringishwa, bado inanuka ile dawa ya kuchapia inayochoma pua. Kila mchoro ulikuja kwa nakala nne: moja ya mhandisi wa mradi, moja ya fundi mkuu, moja ya kabati langu, na moja niliyoipeleka kwa mkaguzi wa serikali aliyekaa Iringa. Mchoro ukibadilishwa, nilitakiwa kuzikusanya nakala zote za zamani, nizigonge mhuri mwekundu wa kuzifuta, nizifungie. Upande wa pili ni maswali. Yeyote aliyeona mchoro haueleweki, au ardhi haifanani na mchoro, alitakiwa kusimamisha kazi na kuuliza kwa maandishi. Fomu ya swali nayo ilikuwa na nakala nne, na zilikwenda kwa watu walewale, isipokuwa ya fundi mkuu, ambayo ilikwenda kwa washauri Mbeya. Tangazo la utaratibu huo lilibandikwa ukutani juu ya kichwa changu: asiyeuliza kwa maandishi amekubali mchoro ulivyo.

Kukusanya michoro ya zamani kulinitoa jasho. Karatasi ile ilikuwa pana na ngumu, na Rujewa nzima iliipenda. Watu walijalidia madaftari ya watoto, wakabandika ukutani kuzuia vumbi. Siku moja nilimkuta mama aliyeuza chai karibu na karakana amekata mchoro wa lango la pili vipande vipande vya kufungia maandazi.

"Mama, hii ni mali ya mradi," nikamwambia.

"Na maandazi wanakula akina nani? Si hao hao watu wa mradi?"

"Nipe vilivyobaki. Lazima nivihesabu."

"Na yule aliyeondoka sasa hivi na kipande cha lango mfukoni, utamkimbilia?" Wafanyakazi wakacheka. "Kaa chini unywe chai, karani. Ninyi Wahehe mnapigana hata na karatasi."

"Afadhali wao wanapigana nayo," kibarua mmoja akadakia. "Ninyi Wasangu lango zima mmelila na chai."

Nilikunywa chai, nikarudi ofisini na vipande tisa. Nikavigundisha juu ya karatasi nyingine, nikavigonga mhuri mwekundu, na pale palipokosekana nikaandika kwa penseli: kona ya chini imekwenda na maandazi. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nilichokifanya baadaye kilitokana na uzembe.

Aliyenifundisha kuisoma michoro ni fundi mkuu. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini, Mwislamu wa Ipogolo, pale chini ya mlima wa Iringa mjini ambapo barabara kuu inapita. Babu yake alipanda bara kutoka pwani na biashara, akaoa, akabaki. Balaghashia yake ilikuwa imekakamaa kwa simenti. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu sote. Sisi tuliokulia na lugha za nyumbani tulikosea kosea, na yeye hakumcheka mtu. Mistari na tarakimu za mchoro alizielewa kuliko hata waliozichora, lakini maelezo ya pembeni yaliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hakukisoma. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kazi alipita chumbani kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, leo wametuandikia nini?"

Nilimsomea maelezo yote, naye akafumba macho akisikiliza. Kisha ilikuwa zamu yake. Aliweka kidole kwenye mchoro na kuniambia, "Chukua kisu, likate jengo katikati kama unavyokata papai, uchungulie ndani. Ndicho walichochora hapa. Sasa niambie, hizi nukta ni nini?" Nikikosea alisema tu, "Chungulia tena." Baada ya miezi michache niliweza kuutazama mchoro bapa na kuliona jengo limesimama. Hakuna chuo kilichonipa kitu hicho. Alinipa yeye.

Mwisho wa kiangazi cha mwaka wa pili tukafika kwenye lango la nne. Lilikuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu hapo mfereji mkuu uligawanyika kwenda kwenye mashamba mapya ya watu waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Jua lilikuwa limepasua udongo mweusi nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwikoni. Fundi mkuu alikuja ofisini saa nne, wakati ambao hakuwa na kawaida ya kuja, na buti zake zilikuwa na tope bichi.

"Mwanangu, nimefika kimo walichoandika na chini bado ni udongo mweusi. Nimechoma nondo, inazama kama mwiko kwenye ugali."

Niliufungua mchoro. "Hapa wanasema msingi uende mita moja na nusu."

"Nalijua hilo. Lakini aliyeuchora hakuliona shimo. Udongo huu mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa. Utauchezea ukuta mpaka uuangushe. Nataka niteremke mpaka nikute changarawe. Labda mita moja zaidi, labda zaidi ya hapo. Ila zege litaongezeka na nondo zitaongezeka, na hayo si ya kuamua mimi."

Nikapanga karatasi nne na kaboni tatu, nikaziingiza kwenye taipureta. Nikaandika namba arobaini na moja kwenye fomu, na kwenye daftari nikaiandika kwa penseli kama ilivyokuwa kawaida yangu kabla ya kuikaza kwa wino. Nilikuwa nimepiga mstari wa kwanza wa swali alipouliza nyuma yangu:

"Hizi zote zinakwenda kwa nani?"

"Hii ya mhandisi. Hii ya washauri Mbeya. Hii yangu."

"Na hiyo ya mwisho?"

"Ya mkaguzi, Iringa."

Akavua balaghashia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Mchoro huu una sahihi ya mhandisi wetu?"

"Ndiyo. Yeye ndiye aliyeukubali."

"Basi karatasi hii ikimfikia mkaguzi itamwambia nini? Itamwambia kijana huyu ametia sahihi bila kuitazama ardhi. Hata mwaka hajamaliza kazini. Ana mke mchanga, ana wakubwa wake wanaomwangalia. Mimi ni mtu mzima, mwanangu, siwezi kumwumbua kijana wa watu mbele ya wakubwa wake. Karatasi ni ya barazani, kwenye mashauri. Ukimwandikia mtu, ujue mmeshindwana. Kwanza unamwita pembeni."

"Lakini mzee, tangazo linasema..."

"Nimelisikia, ulinisomea. Alhamisi anakuja. Nitamwuliza kwa mdomo, kwa heshima yake. Ichomoe."

Sikuona kwamba amekosea. Nyumbani kwetu barua zilizopigwa taipu ziliwahi kuingia mara mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya shauri la shamba kati ya baba yangu na ndugu yake, na baada ya hiyo hawakusalimiana tena. Ya pili ilikuwa ya kumwita baba mahakamani kwa shauri lilelile. Nilimwelewa fundi mkuu kabisa. Nikaichomoa fomu, nikaichana pamoja na nakala zake, nikatia kwenye kikapu.

Utaratibu ulikuwa kwamba fomu iliyokwishapewa namba haichanwi. Inapigwa mstari, sababu inaandikwa pembeni, inawekwa kwenye faili. Nilizijua kanuni hizo kuliko mtu yeyote pale. Lakini ningeandika sababu gani? Kwamba fundi ameona haya kuuliza? Nikafuta namba kwa raba. Kesho yake likaja swali kuhusu misumari ya kibanda cha mlinzi, nikalipa hilo namba arobaini na moja. Daftari likabaki safi, halina pengo.

Alhamisi mhandisi akaja na landrova. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wazee kwa shikamoo ingawa alikuwa bosi wao, na alinunua vitunguu vya kupeleka nyumbani kama mtu mwingine yeyote. Lakini alikuwa na haraka, maana mvua zilikaribia. Siku zote alizungukwa na watu mara tu alipotaka kuondoka, na siku hiyo alikuwa mguu mmoja ndani ya gari, mmoja chini. Gari lilisimama mbele ya dirisha langu. Nilikuwa nimesimama hapo, namngoja anipe michoro iliyosainiwa.

"Mwanangu mhandisi," fundi mkuu akasema, "msingi wa lango la nne. Nimefika kimo na bado ni udongo mweusi. Niteremke zaidi?"

"Mchoro unasemaje, mzee?"

"Mita moja na nusu."

"Sasa?"

"Sasa pana ulaini. Ungepita ukaona mwenyewe."

"Mzee wangu, nikishuka kwenye kila shimo mvua itatukuta. Fuata mchoro. Jumamosi mwaga zege."

"Ndiyo unaniambia nimwage?"

"Mwaga, mzee. Mwaga tu."

Akanipa michoro kupitia dirishani, akaingia garini. Fundi mkuu aliniangalia. Akainua viganja vyake kidogo, kama mtu aliyepewa jibu asilolitaka ambalo hata hivyo ni jibu. Jumamosi wakamwaga.

Mvua za mwaka huo zilikuwa nyingi. Maji yalifunguliwa kwenye mfereji kwa mara ya kwanza, watu wakaja kuyatazama yakipita, wazee kwa watoto. Wiki ya tatu ukuta wa kushoto wa lango la nne ukaanza kuinama. Bamba la chuma likakwama, halifungi wala halifunguki. Asubuhi moja tukakuta maji yamepita pembeni ya ukuta, yamelila tuta, yameingia moja kwa moja kwenye vitalu vya miche ya mpunga vilivyokuwa upande wa chini. Wale wahamiaji ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kilimo hicho. Nilimwona mwanamke mmoja amesimama kwenye maji mpaka magotini, anaokota miche iliyong'oka, anaisuuza mizizi, anaipanga kwenye kanga mche mmoja mmoja. Hakulia. Mumewe alisimama ukingoni na fimbo ya kuchungia, anamwambia kitu kwa lugha yao, na yeye akaendelea kuokota.

Fundi mkuu alikuja akasimama karibu yangu. "Udongo umefanya kazi yake," akasema.

Wakaja watu watatu kuchunguza: wawili kutoka Mbeya, na wa tatu ni yule mkaguzi wa Iringa. Walivaa kaunda suti, walikuwa wapole, na walikaa chumbani kwangu kwa sababu ndiko zilikokuwa karatasi. Niliambiwa nikae pembeni na daftari mapajani. Fundi mkuu alipewa kiti. Mhandisi alisimama mlangoni.

"Ndugu fundi," mwenyekiti wao akaanza, "ulipoona udongo ni laini, ulifanya nini?"

"Nilimwuliza mhandisi."

"Kwa fomu?"

"Kwa mdomo."

"Ndugu mhandisi?"

Mhandisi alikuwa amekonda katika wiki ile. "Nikija huku huwa naulizwa mambo mengi, ndugu mwenyekiti. Hilo silikumbuki."

Nilimtazama usoni. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba alisema uongo. Aliulizwa maswali mengi siku ile, na majibu ya kupitia dirisha la gari huanguka barabarani.

"Ndugu karani. Daftari lako lina swali lolote kuhusu msingi wa lango la nne?"

Nilijua jibu, lakini nilipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, mstari kwa mstari. "Hapana, ndugu mwenyekiti."

"Hakuna fomu iliyopotea? Namba zinafuatana?"

"Zinafuatana zote."

Mkaguzi wa Iringa akanyoosha mkono, nikampa daftari. Akalipitia. "Daftari safi sana," akasema. "Miradi yote ingekuwa na karani kama huyu." Akanirudishia.

Mwenyekiti akamgeukia tena fundi mkuu. "Ndugu fundi, tunataka kukutendea haki. Kuna mtu yeyote aliyekusikia ukiuliza?"

Fundi mkuu aligeuza kichwa. Alitazama dirisha. Hakunitazama mimi, alitazama dirisha lenyewe, mahali nilipokuwa nimesimama siku ile. Nilihitaji kusema neno moja tu: mimi. Lakini baada ya neno hilo wangeniuliza kwa nini sikuliandika, na baada ya hapo tungefika kwenye namba arobaini na moja, na kikapu, na raba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nyumbani walikuwa wanasema kwa majirani kwamba binti yao anashika funguo za mradi. Nikalifunga daftari. Kona ya jalada ilikuwa imejikunja, nikainyoosha kwa kidole gumba.

"Mungu alisikia," fundi mkuu akasema.

"Huyo hatuwezi kumwita," mmoja wao akajibu, na wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Uamuzi uliandikwa siku ileile, na mimi ndiye niliyeupiga taipu. Ulisema kwamba fundi mkuu aliendelea na kazi bila kuuliza kwa utaratibu uliowekwa, na kwa hiyo anaachishwa. Nilipiga nakala nne.

Asubuhi iliyofuata alileta michoro yake yote, imeviringishwa vizuri, imefungwa kamba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote.

"Hesabu, mwanangu. Isije ikawa mmoja umepungua."

Nikahesabu. "Imetimia, mzee."

Akatia sahihi kwenye daftari la kurudishia. Nilingoja aseme jambo. Ningependa anitukane. Akasimama mbele ya meza, akanyoosha kidole kwenye rundo.

"Hiyo kamba ni yangu."

Nikaifungua, nikampa. Akaizungusha kwenye vidole vyake mpaka ikawa kibunda kidogo, akaitia mfukoni, akatoka. Alipanda lori la mpunga lililokuwa linakwenda barabara kuu. Lango la nne lilibomolewa kiangazi kilichofuata na kujengwa upya na fundi mwingine. Aliteremka mpaka kwenye changarawe. Ilikuwa mita mbili na robo.

Mimi nilihamishiwa ofisi ya Mbeya, kwenye chumba kizuri chenye kuta za tofali, na kila nilipokwenda nilitanguliwa na sifa za daftari langu. Nikawa na tabia mpya. Kila jibu lililotolewa kwa mdomo mbele yangu, hata kwenye chai, hata njiani, niliandika: nani kauliza, nani kajibu, saa ngapi. Mafundi walinifanyia utani. "Chunga mdomo," walisema nikiingia, "dada karani anaandika hata chafya." Nilicheka nao. Nikirudi mezani niliandika.

Miaka ikapita. Karibu na mwisho wa miaka ya sabini, mwashi mmoja wa Iringa aliyekuja Mbeya kwa kazi alitaja habari za fundi mkuu, bila kujua kwamba namfahamu. Walikuwa wanazungumza juu ya mafundi wa zamani. Alisema kuna mzee mmoja pale Ipogolo, mkono wake hauna mfano, lakini hapewi jengo la maana. "Yule wa lango la Rujewa. Hata msikiti wa mtaani kwake, walipotaka kuupanua, kamati walimpita wakachukua fundi wa kutoka Makambako. Walisema nyumba ya Mungu haijaribiwi." Kisha wakaendelea na habari nyingine.

Wiki hiyo niliandika maelezo. Niliandika yote: shimo, fomu, raba, landrova, maneno yaliyosemwa na nani kayasema, dirisha, wale wachunguzi watatu. Nikayapiga taipu kwa nakala nne, nikatia sahihi zote, nikaomba likizo, nikapanda basi la Iringa.

Ipogolo nilielekezwa mpaka nyumbani kwake. Mkewe alikuwa anachambua mchele barazani. Alinikaribisha kwa upole, akanipa kigoda na maji, hakuniuliza shida yangu. Akasema mume wake yuko Ruaha Mbuyuni, anawajengea wakulima maghala ya vitunguu. "Siku hizi ndiyo kazi zake," akasema. Kesho yake nikateremka mlima mwingine na basi jingine mpaka Mbuyuni, kwenye joto lililonikumbusha Rujewa.

Nilimkuta ndani ya ghala lisilo na paa, anapanga fito za kutandazia vitunguu. Ndevu zilikuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijamwamkia.

"Karani wangu! Umenenepa. Mbeya kuna chakula."

Nilimpa karatasi. Akaniambia nimsomee, kwa kuwa miwani yake imevunjika. Nikasoma. Alifumba macho akisikiliza, na mimi nilisoma mpaka mwisho. Nilipomaliza akafumbua macho.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hakuna ulichokisahau. Sasa unaipeleka wapi?"

"Iringa kwa mkaguzi, na Mbeya kwa..."

"Mkaguzi alistaafu, amerudi kwao. Mhandisi nasikia yuko ng'ambo. Mradi wenyewe umekwisha. Utampa nani aisome?"

"Nitaipeleka kwa kamati ya msikiti."

"Msikiti umeshapauliwa, mwanangu." Alisema bila ukali, kama anayenipa kipimo. "Tunaswalia ndani yake. Umejengwa vizuri tu."

Nikamwomba msamaha. Alisema alinisamehe siku ileile, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniambia niichomoe fomu, na mtu mzima hawezi kumsukuma mtoto kwenye shimo alilochimba mwenyewe. Sikupata nafuu yoyote katika maneno hayo. Akaokota ufito, akautazama kama umenyooka.

"Lakini kuna mtu mmoja," akasema. "Mama watoto. Tangu niliporudi kutoka Rujewa hajaniuliza hata siku moja ilikuwaje. Ndipo nikajua kwamba ameamini. Mke anayekuamini angeuliza. Nami nikaona haya kujitetea bila kuulizwa. Ukipita Ipogolo, kaa naye. Na karatasi iache mkobani, hiyo itamtisha. Mwambie kwa mdomo."

Akanijazia vitunguu kwenye kiroba, akakataa nilipotaka kuviacha, na akanisindikiza mpaka kituoni.

Nilifika Ipogolo alasiri. Mkewe alinipokea kiroba, akanikalisha kigoda kilekile. Nikamwambia. Nilimwambia kwa utaratibu, tangu buti zenye tope mpaka lile neno la Mungu alisikia, na pale nilipokuwa mimi nilisema mimi. Hakunikatiza. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo aliuliza," akasema mwishowe.

"Aliuliza, mama. Nilimsikia kwa masikio yangu. Aliuliza mara mbili."

Alitazama barabarani, ambako malori ya Zambia yalikuwa yanapanda mlima taratibu.

"Watu wa kamati walikuja hapa kabla ya kumchukua yule wa Makambako," akasema. "Walikaa hapo ulipokaa. Yeye alikuwa safarini. Walitaka kumpa kazi, wakaona kwanza waniulize mimi, kama ile habari ya Rujewa ni ya kweli."

Nilingoja.

"Nikawaambia watafute mwingine. Niliona akiangusha na msikiti, hatutakuwa na pa kukaa." Akauweka ungo chini, polepole, mchele usimwagike. "Hajui. Yeye anadhani ni wao waliomkataa."

Kisha akainuka kwenda ndani, nikamsikia anahamisha vyombo kutoka mahali pamoja kwenda pengine, anavirudisha, anavihamisha tena.